Kifua Kilichobana Jumatatu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Tororo, miaka ya sitini, msimamizi alinipeleka kwenye mashine inayotenganisha nyuzi na mbegu, akaniambia nifunge kitambaa puani. Nilikifunga mpaka saa nne tu. Joto likanishinda, nikakitia mfukoni. Mtacheka, vijana, lakini sote tulifanya hivyo, maana vumbi lile laini tuliliona halina neno.

Msimu wa pili kifua kikaanza kubana, tena Jumatatu tu. Jumanne nafuu, Alhamisi nasukuma marobota, yale mafurushi ya pamba iliyoshindiliwa, bila taabu. Jumapili niko nyumbani Kisoko naimba kanisani kwa nguvu zote, Jumatatu nahema tena. Nilichanganyikiwa. Kama ni kazi, mbona kadiri ninavyofanya kazi ndivyo ninavyopona?

Msimamizi alikuwa na jibu lake. "Wewe nakwenda nyumbani mzima, narudi mgonjwa. Nini iko kule? Nani napika?"

Aliyepika ni mke wangu Nabwire, Msamia wa Masafu. Basi nikajaribu. Jumapili mbili sikwenda nyumbani, nikabaki kiwandani kusafisha mashine. Jumatatu zote mbili nikapumua vizuri! Nilitaka ushahidi gani tena? Nikamtuma kaka yangu amwambie Nabwire arudi kwao. Naona aibu kuyaandika haya.

Mwaka uliofuata daktari alinisikiliza kifua, akasema ni vumbi la pamba. "Mwili unalizoea wiki nzima. Ukipumzika siku moja, unasahau. Jumatatu linakuumiza upya."

Sikumwelewa vizuri, lakini nilielewa kwamba chakula cha Nabwire hakikuwa na kosa. Nikapanda baiskeli mpaka Masafu. Nilimkuta akipalilia wimbi, nikamweleza yote, nikamwomba turudi nyumbani.

"Hiyo vumbi mimi naijua," alisema. "Kila Jumamosi nikikung'uta nguo yako kabla ya kufua, nakohoa mpaka machozi natoka. Mimi nafikiri ni wewe naniletea ugonjwa. Lakini mimi nilikufukuza?"

Akainama, akaendelea kupalilia. Nilirudi peke yangu, nikaifanya kazi ile ile mpaka nikastaafu. Kifua sasa kinabana siku yoyote kitakayo.