Fisi na Ripoti kwenye Foleni ya Pamba

Soko huria lilipoingia Bariadi, kila kitu kilipata wanunuzi wapya: pamba, mitumba, hata vitabu vya shule. Wilaya nayo ikaunda kamati ya kuboresha elimu, nami mwalimu wa darasa la tatu nikatiwa humo, nadhani ili apatikane mwanamke.

Kabla ya likizo ya Juni mwenyekiti wetu, mkaguzi mstaafu mwenye sauti ya kengele, alitaka kila mjumbe apendekeze kitabu cha wenzake kusoma likizoni. Wakapendekeza ripoti, moja nene kuliko nyingine. Mimi nikaweka mezani kijitabu cha watoto, hadithi ya fisi aliyeomba kazi ya kuchunga mbuzi. Wakacheka. Nilikasirika, wala sikuficha. Kwenye rasimu ya ratiba mpya palikuwa na kipindi cha watoto kujisomea hadithi kwa raha zao, na mwenyekiti alishasema tukirudi atakifuta. Nilikitaka kipindi kile kuliko nyongeza ya mshahara.

Likizo ya kwetu si ya kulala. Wote tulikuwa na mashamba, na haikupita wiki nikamkuta mwenyekiti kijijini Kasoli, kwenye foleni ya mzani wa pamba, kakalia gunia lake, ripoti mkononi.

"Fisi wako bado anachunga?" akanitania.

"Tuwaulize hawa, kama kwenye ngoma," nikamjibu.

Baada ya mavuno, huku kwetu pande mbili za ngoma hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna jaji. Anayevuta watu ndiye mshindi, na kukataa mbele ya kadamnasi ni aibu. Akasimama.

Alisoma upande wake, nami wangu. Mwanzoni watu walimwendea yeye, kwa heshima. Alisoma vizuri, masikini, habari za mgawanyo wa rasilimali. Mimi nikafika pale fisi anapowaapia mbuzi kwamba nyama humuumiza tumbo. Mama mmoja akaangua kicheko, akamtafsiria jirani yake kwa Kisukuma, na watu wakaanza kuhama. Karani wa mzani akaita anayefuata. Hakuna aliyesogea.

"Mwache mayu amalize," mtu akamwambia, akiniita mama kwa Kisukuma.

Lakini anayefuata nilikuwa mimi. Nikafunga kitabu, mwenye mbuzi akiwa ndiyo kwanza anafungua zizi.

"Mayu, ikawaje?" sauti ya kengele ikauliza nyuma yangu.

Nikageuka. Ripoti aliiacha juu ya gunia. Nikampa kitabu, nikaenda kupima pamba yangu nikiwa na furaha ya kijinga.

Julai tulipokaa tena, kalamu yake nyekundu ilifyeka ratiba kama jembe shambani. Ilipofika kwenye kipindi changu ikasita kidogo, kisha akafunua ukurasa unaofuata. Tulipotoka akanisogelea mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule fisi ana kitabu cha pili.