Maneno Yasiyopita kwa Mama

Mwanangu alianguka kutoka kwenye mparachichi hapa Kaagya, akavunjika shingo. Tangu siku ile hasogezi mkono wala mguu. Simu yake naishika mimi. Akipiga, namwekea sikioni na kusimama hapo hapo. Akitaka kuandika, yeye anatamka, mimi nabonyeza kwa kidole kimoja. Mkewe yuko kwao Kishanda, anamuuguza mama yake.

Juzi mjukuu wangu anayesoma Bukoba mjini alituonyesha video. Mzungu aliyepooza alikuwa anaandika kwenye kompyuta bila kugusa kitu.

"Bibi, wamemtoboa kichwa wakamwekea kifaa kwenye ubongo. Akiwaza kusogeza mkono, kompyuta inamfuata."

Nikamwambia mwanangu, "Wewe hutobolewi. Shingo imetosha."

"Mama, mimi ningekubali hata kesho."

"Unataka nini ambacho mimi sikuandikii?"

Alisubiri mpaka mjukuu alipotoka nje. "Nataka kumwandikia mke wangu."

Kwetu maneno ya mume na mke mama hayasikii, sembuse kuyaandika. Kumbe muda wote huu tulikuwa tunamtumia mkewe habari za migomba na mafua ya watoto tu.

Sikulia, wala sikukasirika. Nilichukua simu nikaandika maneno yangu mwenyewe: "Njoo, hata kwa siku moja. Mumeo ana maneno yasiyopita kwangu." Nikamsomea. Alifumba macho, hakunikataza. Nikatuma, nikaenda kumenya ndizi.