Shombo Kwenye Nyota za Krismasi

Chekeni, lakini mjue bado nina hasira. Siku hizi kila kitu ruksa, na mitumba imejaa soko la Mbinga. Nilinunua mashati yaliyochakaa, nikayakata vipande, nikashona nyota nene za kupamba sebule. Sufi ya kujazia aliniletea wifi yangu wa Liuli, mke wa kaka, gunia zima, pamoja na maneno mengi ambayo sikuyasikiliza. Nilishona nikiwa na mafua mazito.

Krismasi mvua ikatufungia ndani, na sebule ikanuka shombo. Katekista amekaa, majirani wamekaa, na wifi amekuja na kikapu cha usipa, dagaa wao wa ziwani! Hasira zikanipanda.

“Wifi, usipa wako watoe nje. Huku Matiri hatuli Krismasi kwa shombo!”

“Wako jikoni kule nje tangu nilipofika, wifi,” akajibu taratibu.

Nikasema basi ni nguo zake. Ndiyo, nilisema, mbele ya katekista. Wifi akainamisha kichwa.

Ndipo paka wangu, mshenzi ninayemlisha mwenyewe, aliporuka akaangusha nyota iliyoning'inia juu ya katekista na kuichana palepale mapajani mwake. Sufi ikatapakaa kwenye suti ya mzee wa watu. Paka akachomoa usipa mkavu humo ndani, akaanza kutafuna.

Wifi akainua kichwa.

“Si nilikwambia, wifi, gunia lile lilikuwa la usipa, uichambue sufi kwanza?”