Goti Langu Si Sababu

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu, mwanangu Rukia. Ni siku nyanya yako, mamangu, Mungu amrehemu, alipovaa asubuhi buibui lake la kwendea arusini, akatoka nyumbani kwetu Kuze kwa teksi, akaenda mpaka chuo nilichokuwa nikifundisha kule Tudor. Nilikuwa darasani. Nilimwona akipita dirishani, mkoba kwapani, akiuliza njia ya ofisi ya mkuu wangu wa idara. Nilisahau nilichokuwa nikiwaambia wanafunzi.

Kaa kidogo nikueleze kwa nini nimeikumbuka. Jana baada ya sala ya laasiri nilikwenda kwa muuza kahawa, kama kawaida yangu. Mzee Badi, jirani yetu, akanishika mkono mbele ya watu. "Wewe umezaa, bwana," akasema. "Bintiyo amepata kwenda Uholanzi akakataa, asikuache na goti lako bovu. Watoto kama hao hawapatikani siku hizi." Wote wakasema mashallah. Nami nikasema mashallah, na kahawa ikanichoma ulimi.

Kwamba umepata ufadhili, hilo uliniambia mwenyewe: mwaka mzima ufundishe chuo chao, ufanye utafiti wako wa mikoko katika maabara yao, na mhadhiri wao aje hapa ashike madarasa yako. Lakini kwamba umeamua kukataa, hilo nimelisikia barazani. Na Ijumaa ndiyo mwisho wa kuwajibu.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, nilipata bahati kama hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nikifundisha historia, na walionitaka ni watu wa Kanada. Nikamwambia mkuu wangu siwezi, mamangu ni mjane, hana mtu ila mimi. Maneno matamu hayo! Shangazi yako Mwanaisha alikuwa akikaa nyumba inayotazamana na yetu, na chumba chetu cha chini kilijaa wasichana waliokuja kusoma Kurani kwa mamangu, kutwa nzima. Upweke angeupata wapi?

Lakini mtaa ulilipenda jambo lile. Wazee walinianza kwa salamu. Sahani za biriani zililetwa mlangoni. Ikafika hadi nikawa natembea polepole, nimeinamisha macho, kama mtu aliyerudi hija juzi. Na moyoni nilijua kuwa ni uoga mtupu. Kila nikilala niliwaona wanafunzi wa Kizungu wamejipanga mbele yangu, mikono juu, wananiuliza, "Wewe umejuaje?" na mimi sina jibu.

Mamangu alizisikia sifa zangu kwenye khitma, wanawake wakimpongeza na kumpa pole kwa pamoja.  Asubuhi iliyofuata ndiyo hiyo ya teksi.

Niliwaacha wanafunzi wangu nikamfuata mbio. Nilimkuta ameshaketi ofisini, soda iko mbele yake hajaigusa, na mkuu wangu, Bwana Mwakio, Mtaita mpole sana, amekaa wima kama mmoja wa wanafunzi wa mamangu.

"Ndiye huyu," mamangu akamwambia. "Muulize mbele yangu. N'limwambia lini kuwa siwezi kukaa bila yeye?"

"Mama, pale nyumbani nani ata..."

"Pale nyumbani wafanya nini wewe? Sokoni naenda mimi. Chakula napika mimi. Wewe wala, walala, waondoka. Wewe ndiye usiyeweza kukaa bila mimi!"

Bwana Mwakio akatazama dari. Nilijua anazuia kicheko.

Kisha mamangu akashusha sauti, na hapo ndipo aliponimaliza. "Waogopa, mwanangu?"

Mbele ya mkuu wangu! Nikainamisha kichwa, nikasema, "Naogopa, Mama."

"Basi sema waogopa. Kuogopa si haramu. Hata mimi, siku ya kwanza kukaa mbele ya wale wasichana, n'liogopa. Lakini usiseme sababu ni mamako. Jana watu walinitazama kama mgonjwa. Umenizika, na mimi ningali hai."

 Bwana Mwakio, ambaye alikuwa hajawapelekea wale watu jibu langu, aliniuliza taratibu kama bado nataka kukataa. Nikamwambia nitakwenda. Mamangu ndipo akainywa soda yake.

Nilikwenda, na maswali niliyoyaogopa yalikuja wiki ya kwanza tu. Mengine niliyajibu, mengine nikasema sijui, tutafute pamoja, na hakuna aliyeinuka akatoka. Yule mhadhiri wa Kanada aliyeshika nafasi yangu alikuwa akila kwa mamangu kila Ijumaa. Niliporudi, maneno ya kwanza niliyoambiwa pale mlangoni ni kwamba nimekonda, na kwamba mwenzangu amenishinda adabu.

Mwanangu, wiki iliyopita nilikusikia chumbani kwako ukijizoeza kutoa mhadhara kwa Kiingereza. Ukasita, ukaanza upya, ukasita tena, ukaacha. Tangu siku hiyo goti langu limekuwa likizidi kuuma, kwa jinsi unavyolizungumza. Mimi mwenye goti sina habari.

Nami nikuambie kweli, sifa za Mzee Badi zilinipendeza kidogo. Mzee hupenda watu waone kuwa anapendwa. Ndiyo maana nimeona niseme leo, kabla sijazizoea.

Nitakukosa? Nitakukosa sana. Nyumba hii jioni ni wewe, unavyoingia ukilalamika viatu vimejaa tope la mikoko, ukiuliza nimekula nini kabla hujavua mtandio.  Lakini hayo ni mapenzi, si ugonjwa, na hayahitaji mtu wa kuniuguza. Ndugu yako Swaleh yuko hapo Tudor, anafika hapa kwa tuktuk kabla chai haijapoa. Ngazi napanda mwenyewe, pole pole, na nikifika juu nakaa.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii. Sikulazimishi kwenda. Ukiona baridi yao huiwezi, baki. Ukiona kazi yako ya hapa haijafika mahali pa kuiacha, baki, na kama yuko mtu ambaye moyo wako hautaki kumwacha, baki vile vile, na mtu huyo uje uniambie ni nani. Lakini sababu iwe yako, uiseme kwa kinywa chako. Msitugeuze sisi wazee wenu kuwa kufuli, kisha mkaja kututazama kwa jicho la pembeni miaka ikipita. Na kama ni kuogopa, njoo uogope hapa kwangu. Nisomee huo mhadhara wako, mimi nitanyoosha mkono nikuulize, "Wewe umejuaje?" mpaka swali lenyewe likuchoshe.

Ile kanzu yangu ya Idi uliyoiona imetundikwa mlangoni, nimeipiga pasi mwenyewe. Alhamisi ikifika hujawajibu chochote, nitaivaa, nishuke ngazi kwa goti hili hili, nije chuoni kwako nimtafute mkuu wako wa idara. Soda nitaikubali.

Radhi zangu unazo, ukienda na ukibaki. Mungu akutangulie kila unakoelekea, akupe wanafunzi wenye maswali magumu na moyo wa kusema sijui. Akuhifadhi na baridi na upweke na kila mwenye nia mbaya. Na mimi anipe uhai, nikufungulie mlango siku utakayorudi, unilalamikie tope.