Mbwa Asiyevuta Bila Salamu

Mimi ni mtu wa Tanga, na nyumbani kwetu mbwa hashikwi. Nilikuja Doha kuendesha gari. Tajiri wangu, mkazi wa Al Rayyan, kando ya Doha, akaniongezea mbwa watano wa nchi za barafu, mama na wanawe wanne aliowazalia hapa hapa, na manyoya mazito utadhani joto la huku hawajaambiwa. Mama yangu alipopata habari kwenye simu hakunilaumu. Aliuliza tu kama mchanga wa kujitwaharishia upo. Nikamwambia, mama, hii ni Katari, mchanga ndio kitu pekee cha bure. Kila nikilambwa naosha mara saba, moja kwa mchanga, kisha naswali.

Tajiri alitaka mbwa wa kazi aliye pia mbwa wa nyumbani: asubuhi avute mzigo, jioni alale sebuleni bila kumwangusha bibi mzee wa nyumba hiyo. Theluji hatuna, basi tukaunda kigari cha magurudumu manne, na miezi ya baridi tulitoka nacho baada ya alfajiri, kabla jua halijawa kali.

Kitindamimba, jike, ndiye aliyeniteka. Alivuta kuliko nduguze wote. Binti wa tajiri, mwenye miaka tisa, akamtaka huyo huyo awe wake. Lakini kwa binti hakuvuta. Mtoto anamfunga mikanda, anapanda, anasema twende. Mbwa anakaa kitako na kutazama ukuta. Ikawa hivyo siku tatu.

“Khalas, basi,” tajiri akasema. “Mbwa asiyemsikiliza mtoto hakai na mtoto. Ijumaa anakwenda kwa watu wengine.”

Binti akalia. Mimi nikajifanya nina kazi kwenye injini, maana nilikuwa nampenda yule mbwa, na sioni haya kulisema.

Kesho yake nilimtoa mwenyewe, nikijichunga kila ninachofanya, na nikajifumania. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, mikanda begani: hujambo bibiye, umeamkaje, mama hajambo, na ndugu zako? Dakika mbili nzima, kila asubuhi, tangu hajafumbua macho sawasawa. Kwetu humpi mtu kazi kabla hujamjulia hali, nami nilimlea mbwa kwa adabu hiyo bila kujua. Uvivu hakuwa nao. Alimwona mtoto hana adabu tu.

Nikamwita binti. “Chuchumaa, msalimie.”

“Nimwambie nini, ammi?”

“Muulize kaamkaje. Muulize na mama yake.”

“Mama yake si yule pale?”

“Muulize tu, mwanangu.”

Akauliza kwa Kiarabu chake, taratibu, kwa uso wa mtu mzima aliyekuja kutoa pole. Mbwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaegemea mikanda, na kigari kikaanza kwenda. Tajiri alitoka mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, akacheka mpaka ikamwagika. Ya Ijumaa hakuyataja tena.

Nilikimbia kando yao kama kawaida, lakini walinipita kwenye lango wakashika barabara ya nyuma. Nikasimama, nikingoja mbwa ageuke anitafute. Hakugeuka hata mara moja. Amkubali mtoto, abaki: ndicho nilichokuwa nikikiomba kila swala siku zile, na bado machozi yalinitoka mbele ya tajiri.