Baridi ya tukutuku iliyoninyima neno moja ukweni

Wakuu, shikamooni mnaonizidi umri, kama mpo. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Haya yalinipata mimi, kwenye mwili huu huu. Nimesoma hadi darasa la pili na naandika kwa kidole kimoja. Wenye digrii sahihisheni herufi, maneno yaacheni.

Nimeona humu vijana mnaulizana mtu avae nini akiendesha pikipiki wakati wa baridi. Mmoja kajibu shati tu linatosha, eti huku kwetu hakuna baridi.

Huyo hajaendesha.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nilikuwa mgodini Geita. Nilikuwa na tukutuku. Ndivyo tulivyoita pikipiki, kwa mlio wake. Niliinunua mbovu nikaifufua mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Kharumwa kulikuwa na binti, Minza. Baba yake akanitumia ujumbe: njoo tuzungumze, ufike kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Usipofika, kuna mwenzako wa Runzewe anasubiri.

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nakaa chumba kimoja na Masanja, aliyepigana na Mjapani kwenye vita ya Bama akarudi na kabuti la jeshi, lile koti zito linalofika magotini. Alfajiri akanitupia.

“Vaa hili.”

“Niende ukweni nanuka tumbaku kama mlinzi wa godauni?”

“Tukutuku haijui kama unaoa, wewe. Vaa!”

“Vaa mwenyewe. Mimi naenda kuonekana.”

Nikatoka na suti ya drili nyeupe, koti halijafungwa vifungo, tai shingoni. Nilijipenda, sifichi.

Wakuu, kule mbugani baridi hulala bondeni kama maji. Ukishuka unaiingia kwa magoti, halafu tumbo, halafu inakufunika.

Vidole vikafa kwanza. Kisha masikio.

Kisha baridi ikaisha. Nikaanza kusikia raha.

Ukungu mweupe, pamba imepasuka mashambani nyeupe, suti yangu nyeupe. Sikujua tena naishia wapi na shamba linaanzia wapi. Mlio wa tukutuku ukawa kama mtu anatwanga mbali sana, nyumbani kwetu. Nikamwona mama yangu, aliyekufa nikiwa mdogo, anachuma pamba kando ya njia. Akanipungia mkono. Nikatabasamu, na midomo ikabaki wazi hivyo hivyo.

Aliyenirudisha ni mbuzi. Alikatiza mbele yangu, nikamkwepa, nikajua bado nipo duniani. Mbuzi yule namkumbuka kuliko mwalimu wangu.

Nikafika. Jua limetoka lakini halina nguvu, ng'ombe bado wako zizini. Mzee kasimama langoni, mkewe na Minza nyuma yake.

“Mwangaluka,” akaniamkia.

Nikainamisha kichwa.

“Mhola?”

Kwa asiye Msukuma: hapo unaulizwa kama utokako ni salama, nawe unajibu mhola, salama. Hata uwe unaumwa, unaanza na mhola. Anayenyamaza amebeba msiba.

Sasa neno mhola linaanza kwa kufumba midomo. Yangu ilikuwa imekauka wazi, haikutani.

“Mhola?” akarudia, sauti imeshuka.

“Hhh,” nikasema.

Mama mkwe akashika kichwa. Mwanawe Shija tulikuwa naye mgodini. “Ni Shija! Sema, baba, mgodi umemfunika?”

Nikatikisa kichwa kukataa, lakini mwili mzima ulikuwa unatikisika, nani angejua?

Minza ndiye aliyenitazama vizuri. “Mama, huyu hana msiba, kaganda! Muone, kama ndama aliyenyeshewa.” Akachukua ngozi ya ng'ombe ya kukalia, akanifunika bila kumuuliza mtu, akanisukuma hadi kwenye moto wa mavi ya ng'ombe kando ya zizi.

Ng'ombe wanalia, wanataka malisho. Mtu mmoja akaenda kufungua, mzee akamzuia.

“Nilisema tuzungumze kabla hawajatoka. Basi hawatoki mpaka huyu aongee.”

Nikakaa kwenye moshi ule. Sijui ni muda gani. Nadhani sehemu yangu nyingine bado imekaa pale.

Midomo ikakutana.

“Mhola,” nikasema. “Mhola duhu, salama tu. Shija mzima, anawasalimu.”

Mama mkwe akacheka huku analia. Mzee akafungua zizi, akasema, “Tukutuku imefika mapema, neno limekuja kwa miguu.”

Nilioa. Siku ya harusi nilivaa kabuti la Masanja juu ya suti, na tumbaku yake yote.

Vijana, kifua kwanza. Jaketi zito, na kama huna, hata gunia chini ya shati linakata upepo. Funga shingo na taya kwa kitambaa, vaa glovu. Na ukiona baridi imeisha ghafla, unasikia raha, simama. Raha hiyo ni ya uongo.

Haya, nanyi semeni mnavaa nini huko barabarani. Yule wa shati tu aanze.

Nilitaka kuishia hapo. Ila Minza aliondoka mwaka juzi. Asubuhi ile majirani walifika langoni, wakaniuliza, “Mhola?”

Nikanyamaza. Nilikuwa nimevaa kabuti, na jua lilikuwa kali.