Kijiko cha Paraska

Usimwulize Melania Hrabchuk alisomea wapi kutunga nyimbo za watoto, maana atakucheka mpaka mwanya wake wote uonekane. Hakusoma popote. Nyimbo alizipata jikoni kwa mama yake, Paraska, kijijini karibu na mji wa Poltava, Ukraine, na mama huyo alikuwa hawezi kukanda unga bila kuuimbia. Melania akaja mjini, akafundisha muziki chekechea, na kodiani lake kuukuu ambalo vitufe vingine vilikuwa vimeng'oka. Hapo ndipo alipotunga wimbo wa kalunguyeye aliyepotelewa na kiatu. Watoto wakaupeleka nyumbani, wazazi wakaupeleka makazini, hata siku moja mtu wa studio ya televisheni ya mji akabisha hodi chekechea.

"Huyo mama wa kalunguyeye yuko wapi?"

Akaingia televisheni hivyohivyo, na kodiani lake bovu. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari alisimulia hadithi moja na kuimba wimbo mmoja. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Ukipiga chafya, mkoa mzima umekusikia. Na kila jioni hadithi ilipokwisha, kabla ya wimbo, alisema maneno yaleyale: "Haya wanangu, osheni vijiko, osheni miguu, mkalale." Akina mama walimwombea dua kwa hilo. Mtoto aliyemgomea mama yake jikoni alikimbilia beseni mwenyewe, eti televisheni imesema.

Paraska aliishi naye uzeeni, akawa mkosoaji wake mkuu. "Wimbo wa leo ulikuwa mrefu, binti. Hata mimi nilisinzia." Kisha vuli moja mzee akaugua, akaenda zake. Melania alimzika, akalia, akarudi kazini. Angefanya nini? Kile kipindi ndicho pekee kilichokuwa kimembakia.

Januari ikafika, na mkesha wa Krismasi, maana kwao huhesabiwa kwa kalenda ya kale. Miaka ile ya Kisovieti serikali haikuitambua Krismasi. Watu walivuta mapazia, wakala ngano yao ya asali kimyakimya. Kabla ya kwenda studio, Melania alitandika meza na kuweka kijiko cha mbao cha Paraska mahali pake, kwa sababu usiku ule marehemu wa nyumba huja kula, na meza haiondolewi mpaka asubuhi. Miaka yote Paraska ndiye aliyewawekea wengine vijiko. Leo aliwekewa yeye.

Huko studio, mkuu wa kipindi, Arkadi Semenovich, alimngoja mlangoni akitoka kijasho, akamwita kwa heshima, kwa jina la babaye.

"Melania Ivanivna, nakusihi. Leo ni kalunguyeye tu. Mambo ya Krismasi sitaki: sitaki nyota, sitaki nyasi mezani, sitaki ng'ombe wanaoongea usiku."

"Mbona kalunguyeye anaongea kila siku?"

"Huyo ameidhinishwa!"

Basi akasimulia ya kalunguyeye, vizuri tu, wala hapakuwa na nyota. Kalunguyeye aliwaalika majirani chakula cha jioni, wakala, wakashiba. Taa ya kamera ilikuwa ikimmulika usoni, lakini macho ya Melania yalikuwa nyumbani, mezani. Akafungua kinywa kusema yale ya kila siku.

"Haya wanangu. Leo vijiko msioshe. Viacheni mezani mpaka asubuhi. Watakuja wale tuliowapoteza, wasikute meza tupu."

Lo! Arkadi akajipiga kofi la uso. Akamfanyia ishara Orest, mpiga kamera, akate. Orest akajifanya haoni. Melania akaimba wimbo wake mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, akijua fika kwamba ameshajimaliza.

"Umeniua, mwanamke!" Arkadi alifoka taa zilipozimwa. "Nani alikutuma?"

"Ulimi tu. Nilikuwa namfikiria mama."

"Basi ulimi wako umekula mkate wako, na wangu juu yake."

Usiku ule hakulala. Kufukuzwa televisheni kwa kosa la namna ile kulimaanisha hata chekechea wasingempokea. Angemwimbia nani tena?

Kesho yake akaitwa. Ofisini alimkuta Arkadi amenywea, na kando yake bwana mmoja mnene kutoka ofisi za mkoa, Kornienko, mtu ambaye jina lake tu liliwafanya watu washushe sauti.

"Ni wewe uliyekataza vijiko visioshwe?"

"Ni mimi."

Kornienko akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mama yangu anakaa kwangu," alisema. "Kila mwaka ananiomba amwekee baba kijiko, kila mwaka namkatalia. Mimi na cheo changu, jirani akiingia je? Sasa jana nakuta meza nzima imeachwa. Namwambia, Mama, toa vitu hivi. Ananijibu, 'Nyamaza wewe. Televisheni ya serikali imesema. Unataka kubishana na serikali?'"

Arkadi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ukamfanyaje?" Melania akauliza, hofu yote imemtoka.

"Ningemfanyaje! Nikaenda kulala. Asubuhi nimemkuta ameketi mbele ya kijiko cha mzee, anatabasamu. Tangu tumzike baba sijamwona hivyo." Akavaa kofia yake ya manyoya, akaivuta mpaka masikioni. "Nitasema ulikosea maneno kwa uchovu. Kipindi kiendelee." Alipofika mlangoni akageuka. "Ila mwakani, ukichoka tena tarehe hiyohiyo, mimi sitashangaa."

Melania alirudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, akicheka peke yake barabarani kama mwehu. Moyoni alimshukuru Orest aliyejifanya kipofu, akamshukuru yule bibi asiyemjua aliyemnyamazisha bwana mkubwa. Meza ilikuwa bado haijaondolewa. Akaketi, akala ngano iliyobaki, kisha akakiosha kijiko cha mbao taratibu, akakikausha kwa aproni.

"Ahsante, mama," akasema. "Na wimbo wa jana najua ulikuwa mrefu."

Alisimulia hadithi televisheni mpaka nywele zikawa nyeupe. Na kila mwaka, tarehe hiyohiyo, alichoka.